Mrejesho: ile kamba ya wasiwasi hapa Moshi

Wakuu, niliuliza kama watu wa Moshi wanaweza kuandika hadharani yanayowasumbua. Nilitoa mfano wa msanii Candy Chang, aliyepaka nyumba iliyotelekezwa New Orleans, Marekani, rangi ya ubao wa kuandikia mwaka 2011, akaacha chaki ili wapita njia wamalizie sentensi "Kabla sijafa nataka…". Wengi mlinijibu kwamba Mchaga haaniki shida zake barabarani. Mmoja akasema anza kidogo, ndani, bila majina.

Nilimsikiliza huyo. Chaki niliiacha kabisa, maana anayeandika ukutani anaonekana. Nimefunga kamba saluni kwa dada yangu, Majengo, na vibanio vya nguo, vikaratasi vya daftari na boksi la viatu lenye tundu. Unaandika ukisubiri kusukwa, unatumbukiza, jioni dada anavichanganya ndipo anatundika.

Mwanzoni ilikuwa ada na kodi ya nyumba tu. Halafu ikaja hii: "Nimepunguzwa kazi tangu Pasaka. Kila asubuhi naoga, navaa, natoka. Nyumbani hawajui." Kesho yake mtu akaongeza chini kwa kalamu nyekundu: "Nadhani mume wangu naye anafanya hivyo. Waambie tu, hawatakumeza." Nilikisoma mara mbili mbili.

Aliyeonya kwamba watu watataja wabaya wao, ulipatia. Dada anachuja kwanza, na vya mawifi ndivyo vingi!

Sasa kinyozi jirani anataka kamba yake. Vibanio nimempa, boksi atafute mwenyewe.