Usaili wa kampuni za teknolojia: mnapima kazi au mnapima kukariri?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Mtu umefanya kazi ya programu miaka na miaka. Umejenga mifumo ambayo watu wanaitumia kila siku. Seva imelala usiku wa manane, umeamka ukaiamsha. Umerithi programu ya mtu aliyeondoka bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo, ukaisoma mpaka ukaielewa, ukairekebisha. Siku unaomba kazi kwenye kampuni nyingine, yote hayo yanawekwa kando. Unafunguliwa ukurasa mtupu, mtu anakukodolea macho upande wa pili, unaambiwa una dakika 45: geuza huu mti wa data (data iliyopangwa kwa matawi, kila tawi likigawanyika mawili), tawi la kulia liwe kushoto na la kushoto liwe kulia. Na kila unachowaza ukiseme kwa sauti!

Jamani, ni lini mara ya mwisho mmoja wenu aligeuza mti wa data kazini?

Kwa hiyo mtu anaanza kujiandaa. Akitoka kazini jioni, LeetCode, ile tovuti ya kufanyia mazoezi ya maswali ya usaili. Jumamosi, LeetCode. Kule kuna maswali kwa maelfu, na hakuna anayekuambia utaulizwa lipi, basi unasaga yote unayoweza. Mwenye watoto wadogo, anayeuguza mzazi, anayefanya kazi mbili, huyo saa hizo anazitoa wapi? Mnasema mnatafuta wenye vipaji. Mnachopata ni wenye nafasi ya jioni.

Lakini kinachonichoma zaidi ya vyote ni uigizaji. Anayeuliza anajua kwamba umekariri. Wewe unajua kwamba anajua. Linakuja swali ulilolifanya juzi, na unatakiwa ukunje uso, ukae kimya kidogo, uanze na njia ya polepole, halafu ghafla ushtuke kama mtu aliyefunuliwa siri: "aah, tukitumia jedwali la heshi tutapita orodha mara moja tu!" (Jedwali la heshi ni mpangilio wa data unaokupeleka moja kwa moja kwenye unachokitafuta.) Anayesema ukweli kwamba swali hili analijua, anabadilishiwa na kupewa jingine. Anayejua kuigiza anapewa mkataba. Halafu kampuni hizohizo zimeandika "uadilifu" kwenye orodha ya maadili yao.

Na yale tunayotakiwa "kuyagundua" kwa dakika chache, tuangalie yaligunduliwaje. Chukueni swali maarufu la kutafuta kipande cha orodha ya namba chenye jumla kubwa kuliko vyote. Liliibuka mwaka 1977 kutoka kwa Ulf Grenander, mwanahisabati hasa, si mtu wa kubahatisha. Njia aliyokuwa nayo ilikuwa ya polepole. Michael Shamos, mtaalamu wa kompyuta, akakaa nalo usiku mzima akapata iliyo bora zaidi. Ndipo mtakwimu Jay Kadane, aliposikia swali likielezwa, akaiona njia ya kupita orodha mara moja tu. Kweli, yeye hakuchukua muda. Ila kwa kipimo chenu, Grenander na Shamos wote wangepata barua ya kukataliwa! Leo anayeiandika njia ya Kadane bila kusita anaitwa mkali, na kila mtu chumbani anajua kwamba aliisoma mahali.

Au ule utafutaji wa kugawa orodha katikati (orodha imeshapangwa, unaangalia katikati, unatupa nusu isiyohusika), swali la "kupasha misuli moto". Jon Bentley, mtaalamu wa kompyuta na mwandishi wa vitabu vya programu, aliwapa wataalamu wa programu kazi ya kuuandika, wakiwa na muda wa kutosha, na wengi mno walikosea. Mwaka 2006 Joshua Bloch akaeleza kwamba hata ule aliouandika mwenyewe ndani ya lugha ya programu ya Java ulikuwa na kasoro iliyojificha kwa takriban miaka 9: ukijumlisha mwanzo na mwisho wa orodha kubwa sana, jumla inapita kikomo cha namba na kuwa hasi. Wataalamu wa kiwango hicho. Sisi tukikosea alama moja ya kujumlisha huku tunatazamwa, "hana msingi".

Hilo la kutazamwa nalo si dogo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na Microsoft walichukua wanafunzi 48 wa kompyuta. Wengine walitatua swali kwenye ubao mbele ya msaili huku wakieleza mawazo yao, wengine swali lilelile wakiwa peke yao chumbani. Waliotazamwa, ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa hawakufaulu hata mmoja. Wanawake walioachwa peke yao walifaulu wote. Idadi ni ndogo, sawa, lakini someni tena hayo matokeo taratibu. Kwa hiyo mnachokiita uwezo wa kufikiri, sehemu yake kubwa ni uwezo wa kuzuia woga mbele ya mgeni.

Najua jibu linalokuja: "waombaji ni wengi, lazima pawe na chujio." Sawa, chujeni. Lakini chujio lililomtoa Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye kompyuta za Mac? Mwaka 2015 aliandika kwamba Google wamemkataa kwa sababu ya huohuo mti wa kwenye ubao, wakati wahandisi wao wengi wanatumia programu yake.

Na sisemi msiulize misingi. Niulizeni kwa nini kutafuta kwenye jedwali la heshi ni haraka kuliko kupita orodha nzima, nitajibu, na nikishindwa nikateni. Nipeni programu yenye hitilafu nitafute. Nipeni mabadiliko ya mwenzangu niyakague, niseme wapi patavunjika watumiaji wakiongezeka. Tukae tujadili hifadhidata moja mpaka tugombane. Hayo ndiyo ninayoyafanya Jumatatu hadi Ijumaa, na hayakaririki.

Mwisho wa yote, baada ya raundi baada ya raundi, inakuja barua pepe: "tumeamua kuendelea na waombaji wengine." Kosa lilikuwa wapi? Kimya. Nilikuwa polepole, au suluhisho halikuwa sahihi, au sikuongea vya kutosha? Kimya. Mtihani wa shule hurudishwa na alama. Huu uliokula miezi ya maisha yako haurudishwi. Ukiuliza, unaambiwa sera ya kampuni hairuhusu.

Nataka kusikia kutoka kwa nyie mnaosaili, najua mmo humu. Kabla ya kumpa mtu swali, mwambie mwenzako akuchagulie swali ambalo hujawahi kuliona. Simama ubaoni mbele ya timu yako, saa ikiwa inahesabu, ulitatue huku ukieleza kila unachowaza. Ukimaliza njoo hapa uandike ulitumia dakika ngapi, na kama ungejiajiri.