Mrejesho: riwaya za picha maktaba na klabu yetu ya vitabu

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza riwaya za picha (hadithi ndefu za katuni) zinapatikana wapi kwenye maktaba ya mkoa, na namna ya kuifufua klabu yetu ya vitabu iliyolala. Aliyenitajia namba 741.5 ya Dewey (mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada), Mungu ambariki: katuni hupangwa hapo, upande wa sanaa, mbali na rafu za hadithi. Nilizikuta chache, moja kurasa zimelegea kwa kusomwa. Ombi la kuagiziwa nyingine bado halijajibiwa.

Klabu imeamka! Tunasoma kwa sauti, kila mtu na mhusika wake. Hata wasiopenda vitabu vinene wanakuja. Kukutana jioni katikati ya wiki kulishindikana kwa sababu ya foleni, tumehamia Jumamosi asubuhi.