MREJESHO: Yule niliyeuliza kama niufuate wito wa ualimu

Wakuu, habari zenu. Mimi ndiye niliyeomba ushauri: moyo wangu uko kwenye ualimu, nyumbani wanataka nisome uhasibu kwa sababu ualimu "hauna hela". Nilienda chuo cha ualimu, na sasa niko mazoezini, darasa la kwanza.

Tangu 2015 madarasa ya mwanzo yamewekewa mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na hapo ndipo nilipopapenda mno. Kuna binti alikuwa anachanganya b na d. Nikakata herufi kwenye boksi gumu, akawa anazifuata kwa kidole huku akitamka: ba, da. Juzi kasoma "baba" na "dada" ubaoni bila msaada, wenzake wakampigia makofi. Nilitoka nje kufuta machozi.

Mlionionya kuhusu ajira mlisema kweli, wahitimu wengi bado wako mtaani. Mzee hajaridhia, ila mama ananikusanyia vizibo vya soda vya kuhesabia.

Walimu mliozoea darasa lenye watoto wengi, mnapangaje makundi ya kusoma?