Tupeane uzoefu: misemo ya hesabu iliyokutoa jasho kwenye uandishi wa Kiingereza

Kalamu Kavu: Wakuu, leo nimepitia ripoti ya mtu nikakuta "we made the equation and the answer came 7". Nikakumbuka mbali! Hesabu tunazipiga vizuri tu, kasheshe ni kuziandika. Kwa Kiingereza "equation" inaendana na "solve", "theorem" na "prove", "graph" na "draw" au "plot". Ukichanganya vitenzi, jibu liko sahihi lakini msomaji anashtuka. Wewe yalikukuta yapi?

Mkia wa Taa: Vihusishi ndiyo adui. "12 divided by 3" ni 4, halafu mwingine anakwambia "3 goes into 12 four times". Namba zimegeuka, jibu halijageuka!

Kobe Mwepesi: +1. Umenisemea.

Binti Desimali: Ngoja nitoe la moyoni. Kazini tuliandaa ripoti ya mwaka kwa mfadhili. Wateja wanaochelewa kulipa walikuwa 10%, wakafika 15%. Nikaandika "rose by 5 percentage points". Bosi akashika kalamu nyekundu akakata "points", eti ni mapambo, ikabaki "rose by 5%". Nikamweleza kwamba 10% ikipanda kwa 5% inakuwa 10.5%, na kwamba kutoka 10 hadi 15 ni ongezeko la 50%. Akaniambia nisimfundishe Kiingereza. Siku ya kikao, mama mmoja upande wa mfadhili akaweka kidole kwenye ile sentensi, kidole kingine kwenye chati ukurasa wa pili, akauliza tuamini kipi. Bosi akanigeukia MIMI, mbele ya watu wote, "huyu ndiye aliyeandika." Nikafungua faili, nikatoa rasimu yenye wino wake mwekundu, nikaitandaza mezani. Sikusema neno.

Kobe Mwepesi: Wee! Ikawaje??

Mzee Kipeo: Binti, hapo ulikosea adabu. Mkubwa haumbuliwi mbele ya wageni.

Mkia wa Taa: Mzee, na yeye kumsukumia msalaba mtoto wa watu ni adabu? Tusitetee ujinga.

Mzee Kipeo: Sijatetea. Nasema angemwonyesha pembeni.

Pai Nusu: Rudini kwenye mada jamani. Ushauri wangu: kimbieni "three times more than". Tulikuwa 10, sasa tuko "three times more", ni wangapi?

Kobe Mwepesi: 30, kuna swali hapo?

Kalamu Kavu: 40! Kumi za mwanzo ongeza thelathini.

Pai Nusu: Mmeona? Andika "three times as many as", inakuwa 30 na hakuna wa kubisha.

Kobe Mwepesi: Mimi nabisha. Kila siku naona watu wanaandika "more than" na tunaelewana.

Mzee Kipeo: Mimi ningesema andika namba zenyewe, "from 10 to 30", ukalale. Halafu mkisoma nyaraka za zamani za Uingereza kuweni macho na "billion". Ilikuwa milioni mara milioni, mpaka serikali yao ilipohamia ile ya milioni elfu moja mwaka 1974.

Mkia wa Taa: Na ni "do the math" au "do the maths"? Nimeshasahihishwa pande zote mbili.

Pai Nusu: Ya kwanza Marekani, ya pili Uingereza. Chagua moja uende nayo mpaka mwisho wa andiko.

Kalamu Kavu: Mimi nachanganya, kila mtu apate chake 😂

Kobe Mwepesi: Binti Desimali bado hajajibu. Bosi alifanyaje?

Binti Desimali: Aliagiza namba ifutwe kabisa, tuandike "rose significantly".

Pai Nusu: Mungu wangu! Kwenye takwimu "significantly" si "sana" tu, ni kwamba mmepima mkaona ongezeko si la bahati. Mtu wa takwimu akilikuta hilo neno atataka kujua mlifanya jaribio gani.

Binti Desimali: Barua pepe ya kuuliza hivyo iliingia Jumatatu yake.