Ukuta wa butiki ya tantine Nabintu

Tantine Nabintu: Familia, jambo. Mchoraji amemaliza kuandika majina ya simu upande wa kwanza wa ukuta wa butiki, hapa Kadutu. [Picha] Munaonaje?

Bahati: Rangi iko nzuri kabisa, tantine. Lakini mwambie asipande tena ngazi kwanza. TECNO haina H, ye ameandika TECHNO.

Mama Furaha: Aah Bahati, wateja si wataelewa tu?

Bahati: Mama, kusema kila mtu aseme vile ulimi wake umezoea. Kuandika ni mambo mengine. Angalieni kartoni ya simu: T-E-C-N-O. Sisi tumesoma Kifaransa, njo maana mkono unatia H wenyewe.

Papa Cikuru: Na ile ya chini, HUWAWEI?

Bahati: W iko moja tu, papa. Huawei.

Neema: Yaya Bahati, na Xiaomi? Miye nasoma "Ksiyomi", darasani wengine "Zaomi".

Bahati: Wachina wanasema karibu na "Shao-mi". Usiogope kusema, ila kwa ukuta ianze na X.

Mama Furaha: Bado sioni ubaya. Hata Nike, watoto wote hapa wanasema "Naik", na viatu vinauzwa.

Papa Cikuru: Wamarekani wenyewe wanasema "Naiki", ni jina la mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa zamani. Lakini shemeji, shida si ulimi. Kuna sharjeri ililetwa kwetu, maandishi meupe nyuma: SAMSUMG. Ilichemka mpaka plastiki ikalainika, ikanuka nyumba nzima. Mtu akishaunguzwa na kitu kama hicho, anasoma herufi kabla ya kuuliza bei. Akiona TECHNO kwa ukuta, atasema na ndani ni za bandia. Na Nabintu anauza za kweli!

Mama Furaha: Hapo umenishika. Afute.

Tantine Nabintu: Anasema atafunika H na nyeupe, basi.

Bahati: Hapana tantine! Litabaki pengo, TEC NO. Afute na N na O, aandike upya zikaribiane. Nakutumia picha za kartoni, Infinix na itel pia, aziweke mbele ya macho. Hiyo itel ni herufi ndogo zote. Hizo mbili pamoja na Tecno ni za kampuni moja ya Shenzhen kule China, Transsion, kwa hiyo wateja wako wengi watatafuta hizo.

Tantine Nabintu: Aksanti mwanangu. Sasa nyeupe imeisha.

Papa Cikuru: Dada, niko Nyawera. Nakuletea kopo dogo.

Tantine Nabintu: Fanya haraka kaka, mawingu yameshafika.