Mama hajawahi kutumia dawa ovyo, mbona bakteria waliooteshwa kwenye mkojo wake ni sugu?

Mwana wa Pili (mleta mada)

Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, alilazwa kwa upasuaji wa nyonga, na tangu siku hiyo amewekewa mpira wa mkojo. Siku ya sita alipata homa kali na kutetemeka, akaanzishiwa sindano za seftriaksoni, lakini siku tatu zikapita bila homa kushuka. Ndipo mkojo ukapelekwa maabara kuoteshwa. Majibu yametoka jana: wameota bakteria aina ya Klebsiella pneumoniae, na mbele ya seftriaksoni, jentamisini, siprofloksasini na kotrimoksazoli pameandikwa herufi R (bakteria ni sugu kwa dawa hiyo), ilhali amikasini na meropenemu zina S (dawa inawaua).

Kinachonisumbua ni maneno niliyoambiwa wodini, kwamba mwili wa mama "umezoea dawa". Mimi ndiye ninayemhesabia vidonge vyake vya presha, na ninajua kwamba antibiotiki hajazigusa kwa miaka mingi. Naomba kuelimishwa: usugu huu umetoka wapi? Je, niwaombe madaktari wampe meropenemu, kwa kuwa nasikia ndiyo yenye nguvu zaidi?

Hadubini

Pole sana, ndugu, na Mungu amjalie mama nafuu. Nimefanya kazi katika maabara ya vimelea kwa miaka 11, na kauli ya "mwili umezoea dawa" naisikia karibu kila wiki. Si sahihi, na ina madhara, kwa sababu inamtupia mgonjwa lawama. Mwili wa mama haujazoea chochote. Walio sugu ni bakteria, na mtu anaweza kuambukizwa bakteria waliokwisha kuwa sugu hata kama yeye mwenyewe hajameza kidonge kimoja.

Nieleze jinsi tulivyozipata hizo herufi. Bakteria wakishaota, tunawapaka juu ya sahani ya chakula chao mpaka uso wote ufunikwe, kisha tunaweka vidonge vya karatasi vyenye kipenyo cha milimita 6, kila kimoja kikiwa kimelowekwa dawa yake. Sahani inalala kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Pale dawa inapofanya kazi, karatasi huzungukwa na duara safi lisilo na ukungu, nasi tunapima upana wake kwa rula na kuulinganisha na viwango vilivyowekwa. Kwa seftriaksoni ya mama, naamini bakteria walisogea karibu kabisa na ukingo wa karatasi. Hiyo ndiyo R.

Klebsiella wa namna hii kwa kawaida hutengeneza kimeng'enya kinachoikata molekuli ya dawa kabla haijafika inapotakiwa kushambulia. Jeni za kimeng'enya hicho hukaa kwenye plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata wa spishi nyingine, na mara nyingi plasmidi hiyo hiyo hubeba usugu dhidi ya dawa za makundi mengine pia. Ndiyo maana mama ana R nne kwa mpigo. Wala jambo hili si geni: Abraham na Chain walieleza kimeng'enya kinachoharibu penisilini mwaka 1940, dawa yenyewe ikiwa bado haijaanza kutumika kwa wingi.

Nina neno moja la uchungu kuhusu mpangilio wa matukio uliotueleza. Sampuli ilipaswa kuchukuliwa kabla ya sindano ya kwanza. Matibabu hayakuhitaji kusubiri majibu, lakini mkojo ungetangulia, hizo siku tatu zisingepotea.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, na ningependa kuzungumzia mpira wenyewe, kwa sababu naona umetajwa mara moja tu na kuachwa. Bakteria hujishikiza kwenye ukuta wa mpira na kujitengenezea utando wa ute, na ndani ya utando huo dawa huwafikia kwa shida. Kila siku mpira unapobaki, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa takriban asilimia 3 hadi 7. Baada ya upasuaji wa nyonga, mara nyingi mpira unaweza kutolewa ndani ya siku moja au mbili. Kwa mama hii ni siku ya ngapi? Muulize daktari leo, kwa heshima, kama bado kuna sababu ya kuuacha.

Kuhusu bakteria walikotoka, huenda walikuwa tayari tumboni mwake, ambako Klebsiella huishi bila kumdhuru mtu, au waliletwa na mikono yetu sisi wahudumu. Nimewahi kumwona mtu akimwaga mifuko minne ya mkojo, kitanda hadi kitanda, kwa jagi moja na glavu zile zile. Glavu zilimlinda yeye, hazikumlinda mgonjwa hata mmoja. Angalia pia kwamba mfuko unabaki chini ya usawa wa kibofu wakati wote, hasa mama anapohamishwa, na usiwekwe juu ya kitanda, maana mkojo hurudi nyuma.

Mwana wa Pili

Nawashukuru sana. Daktari amechagua amikasini, na nakiri nimeingiwa na hofu kwamba mama amepewa dawa hafifu wakati ile kubwa ipo.

Mfamasia wa Wodi

Ndugu, antibiotiki hazikupangwa kama ngazi kutoka hafifu hadi kali. Swali ni kama dawa inamuua bakteria huyu na kama inafika alipo. Amikasini hutolewa kwa njia ya figo, hivyo hujikusanya kwa wingi kwenye mkojo, na maabara imeonyesha kwamba inafanya kazi. Tazama pia jambo hili: katika mgawanyo ambao Shirika la Afya Duniani lilianza kuutumia mwaka 2017, amikasini imo katika kundi la dawa za mstari wa mbele, ilhali seftriaksoni iliyoshindwa imo pamoja na meropenemu katika kundi linalotakiwa kutumiwa kwa uangalifu zaidi. Meropenemu ikitumiwa pale isipohitajika, hufungua njia kwa bakteria wanaoishinda hata hiyo, na hao wakiingia wodini, dawa zinazobaki ni chache mno na nyingine zina sumu kwa figo.

Hata hivyo, hofu yako isipuuzwe. Mama alitetemeka, kwa hiyo uliza kama damu yake nayo imepelekwa kuoteshwa. Iwapo bakteria hao wamo kwenye damu, uamuzi hubadilika, na hapo meropenemu ndiyo chaguo ninaloliunga mkono bila kusita. Uliza vilevile kuhusu kipimo cha figo, kwa kuwa amikasini inaweza kuziumiza figo na masikio, hasa kwa mtu wa umri wake. Akilalamika kwamba masikio yanavuma au anasikia kizunguzungu, toa taarifa saa hiyo hiyo.

Mwana wa Pili

Mpira umetolewa leo asubuhi, na mama amekojoa mwenyewe mara mbili. Damu imechukuliwa kwa ajili ya kuoteshwa na kwa kipimo cha figo. Homa ilikuwa nyuzi 38.1 alfajiri, na mchana huu ni 37.6. Majibu ya damu yakitoka nitayaleta hapa.