Hospitali za wilaya: tuajiri mkalimani wa lugha ya alama, au semina kwa manesi inatosha?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Juzi dada yangu, ambaye ni kiziwi, alitangulia kliniki ya wajawazito katika hospitali moja ya wilaya. Mimi daladala ilinichelewesha. Nafika karibu saa sita, namkuta kwenye benchi alilokalia tangu saa moja asubuhi. Kumbe jina limeshaitwa dirishani mara tatu, hakuna aliyeitika, kadi ikarudishwa chini ya rundo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Nasema kila hospitali ya wilaya iwe na mkalimani mwenye ajira kamili. Wapo wanaosema wapeni manesi semina, yatosha. Mnaonaje?

Nesi wa wodi ya wazazi: Pole kwa dada. Semina hiyo nilihudhuria, siku tano. Nilichobaki nacho ni salamu, alama ya maumivu na nusu ya herufi za vidole. Wawili niliosoma nao wameshahamishwa. Lakini na huyo mkalimani wako mmoja, je? Uchungu hauangalii saa za kazi. Saa nane za usiku atakuwa kwake kalala.

Mlipa kodi: Tuwe wakweli. Kuna zahanati zina mganga mmoja na glovu hazitoshi, leo tuajiri watu wa kuongea na mabubu? Halmashauri si inatenga asilimia 2 ya mapato yake kwa watu wenye ulemavu, itumike hiyo. Au waandikiane na daktari kwenye karatasi, basi.

Mleta mada: Mkuu, hiyo asilimia 2 ni mkopo. Kikundi kinachukua, kinafuga kuku, kinarejesha. Sasa mtu akope ili aelezwe presha yake?

Kiziwi, naandika mwenyewe: Kwanza, sisi ni viziwi. Hilo neno lingine liacheni.

Halafu hiyo karatasi. Lugha yangu ni ya alama, Kiswahili nilikikuta shuleni. Daktari aliwahi kuniandikia "usimeze kabla hujala". Nilisoma mara nne. Usi-, huja-, makatazo mawili kwenye mstari mmoja! Nikaenda kumuuliza muuza duka. Na mimi nimefika kidato cha nne. Jirani yangu hajaingia darasani hata siku moja, ana alama za nyumbani tu, wanazielewa mama yake na mwanawe. Akienda hospitali anatafsiriwa na huyo mtoto, darasa la tatu. Siku daktari alipouliza mambo ya ugonjwa wa zinaa, mtoto aliangalia chini, akamwambia mama yake "twende". Wakarudi bila dawa.

Nesi wa wodi ya wazazi: Hapo umenigusa. Ila huyo jirani, hata mkalimani aliyesomea asingemwelewa mara moja.

Kiziwi, naandika mwenyewe: Kweli. Angehitaji muda, na kiziwi mwenzake wa kumsaidia mkalimani. Sisi tumezoea kuelewana na mtu asiye na shule, tunaigiza mpaka inaeleweka. Nesi mwenye foleni ya watu sitini atapata wapi nafasi hiyo?

Wa Mombasa: Huku Kenya Katiba ya 2010, ibara ya 120, imeifanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Lakini msituonee wivu sana, Bunge si dirisha la dawa. Mimi ningependa wakalimani wachache wa zamu, usiku na mchana, wapigiwe simu ya video na hospitali zote za eneo.

Nesi wa wodi ya wazazi: Ningeipokea hata leo. Bando atanunua nani? Na mama aliyefungwa dripu mkono mmoja, huku mwingine kashikilia kitanda, ataongeaje mbele ya kamera? Pale nataka mtu aliyesimama chumbani.

Mleta mada: Basi simu kwa usiku, mtu kwa mchana. Ya ajira siachi, mlipa kodi utanisamehe. Kliniki ya dada ni Alhamisi. Kwa sasa tumeandika juu ya kadi yake kwa kalamu nyekundu: KIZIWI, MGUSE BEGA.